Swali Moja Darasani: Maamuzi ya Kimaadili na Dhamana ya Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Katika toleo hili tumeona ni vyema tuzungumzie jambo ambalo katika kozi za ualimu hupewa saa chache tu, kisha likasahauliwa mpaka siku matatizo yanapozuka. Jambo lenyewe ni maadili ya kazi ya ualimu, na hasa namna mwalimu anavyofanya uamuzi pale anapokuwa peke yake mbele ya wanafunzi, bila mkuu wa shule, bila mkaguzi na bila muda wa kutafakari.

Kilichotusukuma kuandika ni tukio dogo. Katika muhula mmoja wa mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wetu alipangiwa kufundisha mwaka wa kwanza wa sekondari. Mada ilikuwa kujitambulisha. Alichukua mazungumzo kutoka katika kitabu cha kiada kilichoandikwa nje ya Rwanda, akawaita wanafunzi wawili mbele wayasome kwa sauti. Jina lako nani? Unaitwa fulani. Unatoka wapi? Unatoka mahali fulani. Mstari wa tatu ulikuwa: Wewe ni kabila gani? Msichana aliyetakiwa kuusoma alinyamaza. Darasa zima likanyamaza. Mwalimu wetu mchanga akasema, "Rukeni mstari huo," somo likaendelea mpaka kengele ikalia.

Jioni alikuja hapa Kagarama na kitabu mkononi. Alitaka kujua alikosea wapi. Akaongeza maneno ambayo hatujayasahau: "Kitabu hiki nilipewa na idara." Siku ile hatukuwa na jibu la maana. Tulimwambia awe mwangalifu, tukamwagia pole, akaenda zake. Makala haya ni jibu letu lililochelewa. Kwanza tutaeleza maneno tunayoyatumia, pili tutaeleza kwa nini swali lile lina uzito katika darasa la Rwanda, tatu tutaonyesha jinsi maamuzi mabaya yanavyozaliwa shuleni, na mwisho tutapendekeza hatua ambazo mwalimu wa Kiswahili anaweza kuzifuata.

Maadili, miiko na dhamana

Mara nyingi maneno haya hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Sivyo. Miiko ni yale yaliyokatazwa: mwalimu haibi mtihani, hana uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi, haji darasani amelewa. Miiko huandikwa, na anayeivunja huadhibiwa. Maadili ni mapana zaidi. Ni mwenendo mzima unaotarajiwa kwa mwalimu, pamoja na yale ambayo hakuna kanuni iliyoyataja. Hakuna mwongozo wowote unaosema kwamba mstari wa tatu wa mazungumzo fulani usisomwe. Hata hivyo, mwalimu alitakiwa kuamua.

Dhamana nayo ni kitu kilichowekwa mikononi mwako na ambacho si chako. Mzazi anapomleta mtoto shuleni saa moja asubuhi, anaweka dhamana. Kwa hiyo kuwajibika si kukubali kosa baada ya kushikwa tu. Ni kujua tangu mwanzo kwamba utaulizwa habari za kile ulichopewa kukitunza.

Inafaa pia kukumbuka kwamba neno la Kinyarwanda umwarimu ni ndugu wa neno letu mwalimu, na yote mawili yametokana na Kiarabu. Hivyo tulipoazimana neno, tuliazimana na heshima yake. Nchini Tanzania neno hilohilo lilitosha kumtaja Julius Nyerere bila kutaja jina lake.

Ulimwengu umejaribu kuyaandika maadili haya. Tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano ulioitishwa mjini Paris ulipitisha Pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu, ambalo linataja haki za walimu pamoja na wajibu wao. Tarehe hiyo ndiyo iliyofanywa Siku ya Walimu Duniani kuanzia mwaka 1994. Mwaka 2001 vyama vya walimu vilivyomo katika shirikisho la kimataifa la Education International vilipitisha tamko la maadili ya kazi huko Jomtien, Thailand. Katika ukanda wetu, Kenya na Tanzania zina tume za utumishi wa walimu zenye kanuni za mwenendo, na hapa Rwanda kuna sheria na amri zinazosimamia walimu wa shule za awali, msingi na sekondari. Maandishi haya ni ya lazima. Lakini mwaka ule ule wa 1994, ambao dunia ilianza kusherehekea siku ya mwalimu, ulituonyesha Wanyarwanda kwamba maandishi peke yake hayamlindi mtoto.

Swali lile katika historia ya darasa letu

Kwa Mtanzania, kuuliza kabila ni mazungumzo ya kawaida. Mnyamwezi akikutana na Mzaramo, swali hilo hufungua mlango wa utani, watu wakacheka na kugongana viganja. Mwandishi wa kitabu kile hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anafundisha Kiswahili kama kinavyozungumzwa kwao. Hata hivyo, maneno hubadilika uzito kulingana na mahali na wakati. Nchini Kenya, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,100, swali hilohilo liliwatia wengi hofu hata kama liliulizwa kwa tabasamu. Sisi tunaofundisha isimu twapaswa kulijua hili kuliko wengine: maana ya sentensi haimo katika maneno yake tu, imo pia katika kumbukumbu za anayeisikia.

Kumbukumbu za Rwanda ni hizi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ulianzisha vitambulisho vilivyoandika kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mgawanyo huo ukaingia shuleni na kukaa humo hata baada ya uhuru wa mwaka 1962. Mapema mwaka 1973, orodha za majina ya wanafunzi Watutsi zilibandikwa katika chuo kikuu na katika shule za sekondari, wakatakiwa kuondoka. Baadaye ukaja mfumo wa mgao uliojulikana kama iringaniza, ambapo nafasi za shule za sekondari ziligawanywa kwa kuangalia kabila na eneo, si alama za mtihani peke yake.

Mfumo kama huo hauendeshwi na waziri peke yake. Unahitaji orodha, na orodha inahitaji mtu wa kuiandika. Ndiyo maana katika shule nyingi mwalimu alisimama mbele ya darasa akasema, Wahutu wasimame. Kisha, Watutsi wasimame. Akahesabu, akaandika katika fomu, akaendelea na somo la hesabu. Watu wengi waliosoma miaka ile wanasimulia kwamba walijua kabila lao kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wengine walisimama na kundi lisilo lao, wakachekwa na darasa zima, wakarudi nyumbani kuwauliza wazazi.

Hapa Kicukiro hatuna haja ya kwenda mbali ili kuona mwisho wa habari hiyo. Mwezi Aprili 1994, watu zaidi ya 2,000 walikimbilia shule ya ufundi ya ETO, wakiamini kwamba wanajeshi wa Umoja wa Mataifa kutoka Ubelgiji waliokuwamo wangewalinda. Tarehe 11 Aprili wanajeshi hao waliondoka. Wakimbizi wakaswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro, na wengi wao wakauawa huko. Mahali hapo leo pana kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wanafunzi wetu hupita karibu nayo wakienda na kurudi. Darasa linaponyamaza kwa sababu ya mstari mmoja katika kitabu cha Kiswahili, linajua linanyamazia nini.

Maamuzi mabaya huzaliwaje?

Mwalimu aliyesema "Watutsi wasimame" hakushika panga siku ile. Pengine alikuwa mtu mwema nyumbani kwake na mwenye bidii kazini. Kwa nini basi aliuliza? Tukichunguza tunaona sababu tatu, na zote zimo katika shule zetu mpaka leo, ingawa kwa sura nyingine.

Ya kwanza ni amri. Fomu ilitoka juu, naye alitakiwa kuijaza kabla ya Ijumaa. Mtu anapotii amri huhisi kwamba uamuzi si wake. Lakini amri ilisema fomu ijazwe. Aliyechagua kuwasimamisha watoto mbele ya wenzao ni yeye.

Ya pili ni mazoea. Jambo likifanywa kila mwaka huacha kuonekana. Mwalimu aliyeona mwalimu wake akiuliza, naye akauliza. Mazoea yana tabu, wahenga walisema.

Ya tatu ni mgawanyo wa kazi. Anayeuliza haandiki orodha ya mwisho. Anayeandika orodha hagawi nafasi. Anayegawa nafasi hamjui mtoto. Kila mmoja anashika kipande kidogo cha jambo, na kipande kidogo hakimtishi mtu. Dhara huonekana vipande vinapounganishwa, na wakati huo hakuna anayesema, "Ni mimi."

Sasa tujiangalie sisi wenyewe. Mwanafunzi wetu alitumia kitabu kwa sababu idara ilimpa. Idara ilitoa kitabu kwa sababu kilikuwapo kwenye kabati na vitabu vya Kiswahili ni haba. Aliyekinunua alitazama sarufi na bei. Hakuna kati yetu aliyesoma ukurasa ule kwa macho ya mtoto wa Kigali. Hatusemi kwamba kosa letu linalingana na maovu tuliyoyataja hapo juu. Kufanya hivyo ni kuwakosea waliouawa. Tunasema tu kwamba njia iliyotupitisha ni ileile: kitu kimepokewa, kimepitishwa, na hakuna aliyesimama kukiangalia.

Waliokataa

Ni haki pia kueleza kwamba njia hiyo inaweza kukatwa, na imewahi kukatwa na watu wa shule.

Agathe Uwilingiyimana, aliyezaliwa mwaka 1953, alikuwa mwalimu wa sayansi kabla ya kuingia katika siasa. Aprili 1992 aliteuliwa kuwa waziri wa elimu ya msingi na sekondari. Akiwa katika wadhifa huo aliuondoa mgao wa kikabila, akaamua kwamba nafasi za shule zitolewe kwa kufuata alama za mtihani. Uamuzi huo ulimletea maadui wengi. Julai 1993 akawa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini, na tarehe 7 Aprili 1994 akauawa. Tukimtazama kwa jicho la ualimu, tunaona jambo moja: alichofanya ni kile ambacho kila mwalimu huapa kukifanya, yaani kusahihisha karatasi bila kutazama jina.

Wa pili ni wanafunzi wa Nyange, magharibi mwa nchi. Jioni ya tarehe 18 Machi 1997, wakiwa katika masomo ya jioni, washambuliaji wenye silaha waliingia katika madarasa ya mwaka wa tano na wa sita, wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Ilikuwa amri ileile ya miaka yote, safari hii ikitoka katika mdomo wa bunduki. Wanafunzi walikataa. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Sita waliuawa palepale na wengine wengi wakajeruhiwa. Leo wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa, daraja la Imena, sawa na Agathe Uwilingiyimana, na hukumbukwa kila tarehe 1 Februari.

Hatuwataji ili kila mwalimu ajione shujaa. Wengi wetu hatutaletewa bunduki darasani. Tutaletewa fomu, kitabu, bahasha, au simu kutoka kwa mtu mkubwa. Ndiyo sababu tunahitaji njia ya kuamua iliyo nyepesi kiasi cha kutumika siku ya kawaida.

Maswali manne ya kujiuliza

Baada ya tukio lile tulikaa kikao, tukakubaliana juu ya maswali manne. Si sheria, ni msaada tu.

Kwanza: najua nini hasa, na nini nakisia? Mwalimu asiamue kwa uvumi. Mwanafunzi aliyechelewa mara tatu huenda ni mvivu, huenda pia ndiye anayewapikia wadogo zake.

Pili: nani ataumia, na je, anaweza kujitetea? Katika darasa, asiye na sauti karibu kila mara ni mwanafunzi. Mizani ikiwa sawa, mwalimu amwelekee huyo.

Tatu: kanuni zinasemaje, na zimewekwa kwa ajili gani? Kanuni isomwe pamoja na sababu yake. Anayeijua sababu ataweza kuamua hata pale kanuni iliponyamaza.

Nne: je, naweza kuueleza uamuzi huu mbele ya mzazi wa mtoto, mbele ya wenzangu, na mbele ya mtoto mwenyewe akishakuwa mtu mzima? Uamuzi unaohitaji mlango ufungwe una walakini.

Baada ya hapo huja sehemu ngumu kuliko yote, nayo ni kusema "Nimeamua mimi," na kurekebisha pale ilipoonekana umekosea.

Mifano kutoka darasa la Kiswahili

Tuanze na lile swali la kabila. Je, neno hilo lifutwe katika ufundishaji? Hapana. Mwanafunzi atakayekwenda Arusha au Mombasa atalisikia siku ya kwanza, na Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, ndicho kitakachompeleka huko. Lakini kuna tofauti kati ya kulieleza neno na kumtaka mtoto alijibu kwa nafsi yake. Mwalimu anaweza kulifundisha katika somo la utamaduni, akieleza linavyotumika Tanzania na kwa nini hapa kwetu halitumiki hivyo. Katika zoezi la kujitambulisha, mstari huo ubadilishwe: Unapenda mchezo gani? Unasoma shule gani? Na kama umeteleza, usiseme tu "rukeni." Ukimya ule ulihitaji sentensi mbili tu: "Swali hili halifai kuulizwa hapa. Kosa ni langu, nilipaswa kulitazama kabla."

Mfano wa pili ni insha ya "Familia Yangu", ambayo haikosekani katika vitabu. Kuna mtoto anayelelewa na bibi, kuna asiye na picha hata moja ya babu zake, kuna ambaye jamaa yake yuko gerezani. Kumlazimisha aandike na kusoma kwa sauti ni kumvua nguo hadharani. Mada ikipanuliwa kidogo, "Mtu ninayemheshimu", msamiati wa ukoo unaweza kufundishwa bila kumjeruhi yeyote. Tena hapatakuwa na haja ya mtoto kutunga uongo ili apate alama.

Mfano wa tatu unatuhusu zaidi sisi wa chuo. Baadhi ya wanafunzi wetu wamekulia Goma au Bukavu. Wao husema batoto banaimba mahali ambapo Kiswahili sanifu kinataka watoto wanaimba. Tunakiri kwamba tuliwahi kucheka pamoja na darasa, na mmoja wa wanafunzi hao hakunyanyua mkono tena muhula mzima. Huyo alikuwa anakisema Kiswahili tangu utotoni, na ndiye tuliyemnyamazisha. Katika mtihani wa Kiswahili sanifu ni lazima usanifu upimwe, tena kwa wote sawasawa. Kumwonea huruma katika alama ni kuwadhulumu wengine. Lakini alama zipunguzwe kwa lile lililotangazwa kupimwa, na mwanafunzi aambiwe mapema kwamba lugha ya kwao si makosa, ni lahaja, na kwamba chuoni anajifunza nyingine ya kuongeza. Vivyo hivyo kwa Wanyarwanda wanaochanganya sauti za r na l. Kusahihisha ni kazi yetu. Kudhihaki si kazi ya mtu.

Mfano wa nne ni alama zenyewe. Mtu akiomba alama ya 48 iwe 50, ombi huonekana dogo. Tujiulize swali la pili: nani ataumia? Ni yule aliyepata 49 ambaye hana mjomba wa kumpigia mwalimu simu. Kama kuna sababu ya kweli ya kupitia upya karatasi, basi zipitiwe karatasi zote zilizo karibu na mpaka, na mwalimu wa pili azitazame. Hapo tutakuwa tumeweza kulijibu swali la nne bila kufunga mlango.

Hitimisho

Wanyarwanda husema uburere buruta ubuvuke, yaani malezi hupita uzawa. Methali hii humtukuza mlezi, na pia humbebesha mzigo, kwa kuwa kama malezi yana nguvu kiasi hicho, basi mabaya nayo hulelewa. Darasa la Rwanda limewahi kutumiwa kuwatenganisha watoto, na darasa hilohilo, pale Nyange, likawatoa watoto waliokataa kutengana. Vibao, madawati na chaki vilikuwa vilevile.

Kuhusu kitabu kile, idara imefanya mambo mawili. Kila kitabu kinachotoka nje sasa husomwa na walimu wawili kabla ya kupewa wanafunzi wa mazoezi, na kurasa zenye shaka huandikiwa maelezo. Aidha, tulimwita yule mwanafunzi wetu, ambaye sasa ni mwalimu kamili, tukamwambia kile tulichopaswa kumwambia jioni ile: kwamba yeye alikuwa na kosa la dakika moja, nasi tulikuwa na kosa la miaka. Alitusikiliza, akatuuliza kama tunavyo vitabu vingine vya kumwazima.

Tunawaomba walimu na wanafunzi watakaokutana na ukurasa wa namna hiyo wausome kabla ya darasa, na watuletee. Mlango wa idara uko wazi.